Kofia Mbili, Kisha Moja: Historia ya Kiti cha Makamu wa Rais Tanzania

Oktoba 1995, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilimtangaza Dk. Salmin Amour wa CCM kuwa mshindi wa urais wa visiwa hivyo kwa asilimia 50.2 ya kura. Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF aliambiwa amepata 49.8. CUF walikataa matokeo, na mgogoro uliofuata uliitesa Zanzibar kwa miaka mingi. Ndani ya tofauti ile ndogo, hata hivyo, kulikuwa na jambo ambalo halizungumzwi sana. Lau uchaguzi ule ungefanyika chini ya Katiba kama ilivyosomeka miaka miwili nyuma, na lau kura chache zingeangukia upande wa pili, Maalim Seif angekuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Benjamin Mkapa angeapishwa Dar es Salaam na kumkuta mpinzani wake ameketi kwenye kiti cha pili kwa ukubwa nchini, bila kumteua na bila njia ya kumwondoa.

Wakubwa wa chama na serikali waliliona hilo mapema. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, na kiti cha Makamu kikabadilika umbo kwa mara ya nne au ya tano, kutegemea nani anahesabu. Hakuna cheo kikubwa Tanzania kilichofumuliwa na kushonwa upya mara nyingi namna hiyo, na karibu kila safari sababu ilikuwa moja: Zanzibar ikae wapi.

Cheo chenyewe kiliutangulia Muungano. Tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere aliapishwa kuwa Rais, na Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Januari mwaka huo, akawa Makamu wa Rais. Uwaziri mkuu ukafutwa, lakini kazi zake zikamfuata Kawawa kwenye ofisi mpya. Yeye ndiye aliyeongoza shughuli za Serikali bungeni na kubanana na wabunge wakati Rais akiwa Ikulu. Makamu wa kwanza wa nchi hii, kwa hiyo, alikuwa waziri mkuu mwenye jina jingine.

Kama kulikuwa na mtu aliyemtazama kama msaidizi wa kukaa tayari pembeni, maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalimrekebisha. Askari wa kambi ya Colito walipoasi, Rais na Makamu wake walifichwa pamoja, ng'ambo ya maji huko Kigamboni. Aliyekwenda kuzungumza na waasi alikuwa Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Makamu anayejificha chumba kimoja na Rais hawezi kushika usukani, na kwa siku zile hakuushika.

Miezi mitatu baadaye kila kitu kilibadilika. Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, na ndani yake mliandikwa kwamba Jamhuri mpya itakuwa na Makamu wawili. Mmoja atakuwa mkazi wa Zanzibar, atakuwa mkuu wa serikali ya huko, na atamsaidia Rais katika shughuli za utawala zinazoihusu Zanzibar. Hati zenyewe zilimtaja kwa jina: Sheikh Abeid Amani Karume. Kawawa akawa Makamu wa Pili.

Ukisoma vyeo peke yake unaweza kudhani Karume alikuwa na mamlaka Bara kumzidi Kawawa. Haikuwa hivyo. Makamu wa Pili ndiye aliyekuwa na wizara, Bunge na mafaili. Makamu wa Kwanza alikuwa na kitu kizito zaidi: serikali yake, Baraza lake la Mapinduzi na hazina yake. Nguvu za Karume zilitoka kwenye Mapinduzi ya 12 Januari 1964, wala hazikutegemea kiti alichopewa Dar es Salaam. Umakamu kwake ulikuwa daraja la kuvukia tu, na hakulivuka mara kwa mara. Huo ndio uliokuja kuwa mtindo kwa miaka thelathini iliyofuata. Kila Makamu wa Tanzania alikuwa na kofia mbili, na uzito wake ulikuwa kwenye ile nyingine.

Februari 1972 Nyerere alirudisha uwaziri mkuu na kumpa Kawawa. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Aprili, Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi (ASP). Aboud Jumbe akazirithi kofia zake zote. Katiba ya 1977, iliyokuja baada ya TANU na ASP kuungana kuwa CCM, ilibakiza Makamu mmoja. Jumbe akawa Makamu wa Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, na Makamu Mwenyekiti wa chama. Kwenye karatasi hapakuwa na mtu mwingine Tanzania, ukimtoa Mwalimu, mwenye vyeo kama vyake.

Namna alivyoviacha inafundisha kuliko kifungu chochote cha sheria. Mwaka 1983 mjadala wa kurekebisha Katiba uliwaka Zanzibar, na watu wakaanza kuuliza kwa sauti kama Muungano ulioandikwa mwaka 1964 ndio uliokuwa ukiendeshwa. Jumbe, kwa msaada wa Bashir Swanzy, mwanasheria kutoka Ghana, aliandaa hoja za kupeleka kwenye Mahakama Maalum ya Katiba. Kiini chake kilikuwa kwamba Hati za Muungano zilikusudia serikali tatu, na kwamba Serikali ya Muungano ilikuwa imejivika nguo za Tanganyika. Kabla hoja hazijafika popote, waraka ulimfikia Nyerere.

Januari 1984 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Dodoma. Jumbe alikabiliwa na waraka wake mwenyewe mbele ya wajumbe, na kikao kilipokwisha alikuwa amejiuzulu kila kitu. Bunge halikupiga kura. Hakuna jaji aliyesikiliza shauri. Mahakama aliyotaka kuiendea iliachwa ilivyo, ndani ya kurasa za Katiba. Mtu aliyekuwa wa pili kwa cheo katika Jamhuri aliondolewa na kikao cha chama, kwa sababu wakati ule chama ndicho kilichokuwa juu ya vyote, na mwenye Ikulu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Jumbe alihamia Mjimwema, Kigamboni, akaishi huko kwa utulivu akisoma na kuandika dini, na miaka kumi baadaye akachapisha kitabu chake cha Kiingereza kuhusu Muungano. Alifariki Agosti 2016.

Nafasi zake za Zanzibar na za umakamu zilikwenda kwa Ali Hassan Mwinyi, ambaye hakukaa nazo hata miaka miwili. Mwalimu alikuwa anang'atuka, na Mwinyi ndiye aliyepitishwa kumrithi. Hapo kikatokea kitendawili ambacho Katiba ya 1977 haikujiandaa nacho: kama Rais anatoka Zanzibar, na Makamu ni Rais wa Zanzibar, Bara inabaki na nani huko juu? Marekebisho ya mwaka 1984 yakarudisha Makamu wawili, Rais wa Zanzibar na Waziri Mkuu, na mpangilio wao ukategemea Rais ametoka upande gani. Mwinyi alipoapishwa Novemba 1985, Joseph Warioba akawa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza, Idris Abdul Wakil akawa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Pili. Mwaka 1990 walifuata John Malecela na Salmin Amour, na mwishoni mwa 1994 Cleopa Msuya akampokea Malecela.

Mpango huo ulifanya kazi kwa sharti moja ambalo halikuandikwa mahali: wote watatu wawe wa chama kimoja.

Sharti hilo likavunjika mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa. Mambo mengine yakaongezeka juu yake. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, ikalazimika kujitoa mwaka 1993 baada ya kelele kubwa Bara. Wabunge waliokuja kuitwa G55 wakaleta bungeni hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika, na Mwalimu, aliyekuwa amestaafu, akaandika kijitabu kizima kuwashutumu viongozi waliowaachia, Malecela akiwa wa kwanza kutajwa. Katikati ya joto hilo ikaundwa kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuangalia, pamoja na mengine, umakamu utakaaje katika nchi ya vyama vingi.

Jibu lililopatikana lilikuwa la mgombea mwenza. Kila chama kinachosimamisha mgombea urais kinamtaja pia mgombea wa umakamu, wote wanapigiwa kura moja, na ikiwa mmoja anatoka upande mmoja wa Muungano, mwenzake lazima atoke upande wa pili. Makamu hatakuwa Mbunge, wala Waziri Mkuu, wala Rais wa Zanzibar. Rais wa Zanzibar akabakiziwa kiti ndani ya Baraza la Mawaziri la Muungano. Wazanzibari wengi walikiona kitendo hicho kama kushushwa, na si vigumu kuwaelewa. Tangu 1964 kiongozi wao aliingia kwenye uongozi wa juu wa Jamhuri kwa haki ya cheo chake. Sasa Mzanzibari aliyemo humo alikuwa mtu wa tiketi ya Rais, mwenye kuapa kumsaidia Rais, bila serikali nyuma yake.

Ibara ya 47 inamwita Msaidizi Mkuu wa Rais kwa mambo yote ya Jamhuri ya Muungano, kisha inampa kazi tatu: kufuatilia utekelezaji wa Mambo ya Muungano siku hata siku, kufanya atakayoagizwa na Rais, na kushika kazi za Rais pale Rais anapokuwa hayupo madarakani au yuko nje ya nchi. Ya pili ndiyo inayoamua maisha ya Makamu. Rais akimwagiza mengi, ana kazi. Asipomwagiza, atakata utepe wa miradi na kuwakilisha nchi kwenye mikutano na misiba. Dk. Omar Ali Juma, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar kabla Mkapa hajamchukua kuwa mwenza, ndiye aliyekaa kwanza kwenye kiti hiki cha kofia moja. Alifariki akiwa kazini Julai 2001. Ukawa mtihani wa kwanza wa utaratibu mpya: Rais akapendekeza jina la Dk. Ali Mohamed Shein, Bunge likathibitisha, na mwezi haukuisha kabla hajaapishwa.

Ofisi yenyewe ilipewa mazingira, na hapo ndipo mwananchi wa kawaida anapokutana nayo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mama muuza nyanya sokoni akalazimika kutafuta mifuko mbadala, amri ile ilitoka kwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Rais. Upande wa pili wa ofisi hiyo ni Muungano: vikao vya Serikali mbili kuhusu kile ambacho magazeti huita kero za Muungano, kuanzia kodi ya bidhaa zinazovuka bandarini hadi mgawanyo wa mapato. Makamu ndiye mwenyekiti wa vikao hivyo. Orodha ya Mambo ya Muungano, iliyoanza na mambo 11 mwaka 1964, sasa ina 22, na kila lililoongezwa lina historia yake ya malalamiko.

Kwa upande wa vyeo, kiti kiligeuka kituo cha kupandia. Shein alitoka umakamu mwaka 2010 akaenda kuwa Rais wa Zanzibar. Dk. Mohamed Gharib Bilal, mwanafizikia wa nyuklia aliyeshindana naye ndani ya CCM kwa nafasi hiyo, akachukuliwa kuwa mgombea mwenza wa Jakaya Kikwete. Walibadilishana njia. Kiasi gani uamuzi huo ulikuwa wa kuwatuliza wafuasi wa Bilal, na kiasi gani ulikuwa wa sifa zake, ni jambo wanalolijua waliokuwa kwenye kikao.

Mwaka huo huo wa 2010 Zanzibar ilifanya kile ambacho Muungano ulikikwepa mwaka 1994. Baada ya kura ya maoni ya Julai, ambapo asilimia 66.4 walikubali, visiwa vilianzisha serikali ya umoja wa kitaifa yenye Makamu wawili wa Rais wa Zanzibar, na nafasi ya Makamu wa Kwanza ikatengwa kwa upinzani. Maalim Seif akaipata. Alikaa ofisini akiwa na mlinzi, gari na itifaki, lakini wizara na shughuli za Serikali barazani zilikuwa kwa Makamu wa Pili, mtu wa CCM. Aliirudia nafasi hiyo Desemba 2020 na kufariki akiwa nayo tarehe 17 Februari 2021.

Majirani walikwenda njia nyingine. Kenya, kwa zaidi ya miaka arobaini, Makamu aliteuliwa na Rais na kuachwa na Rais. Jaramogi Oginga Odinga alibanwa mpaka akajiuzulu Aprili 1966, baada ya mkutano wa chama cha KANU huko Limuru kukipasua cheo chake cha chama vipande vinane. Joseph Murumbi hakumaliza mwaka. Daniel arap Moi alipoteuliwa Januari 1967 alionekana mtu wa kupita, na mwaka 1976 kundi la wanasiasa wakubwa lilizunguka nchi likitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu asikaimu urais kwa siku 90 Rais akifa. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawanyamazisha kwa kuwakumbusha kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa kubwa la jinai. Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, Moi akaapishwa siku hiyo hiyo, na akakaa miaka 24. Alijua thamani ya siku 90 kuliko mtu yeyote, na labda ndiyo maana baada ya uchaguzi wa 1997 alikiacha kiti cha Makamu wazi kwa zaidi ya mwaka. Katiba ya 2010 iliwapa Wakenya Naibu Rais wa kupigiwa kura pamoja na Rais, asiyefukuzika kwa tangazo la redioni. Rigathi Gachagua aliondolewa Oktoba 2024 kwa njia ya Bunge na Seneti. Bunge la Taifa peke yake lilitoa kura 281 za kumwondoa.

Tanzania haikuwa na sababu ya kuwaza mambo ya siku 90. Ibara ya 37(5), kama inavyosomeka tangu mageuzi ya miaka ya tisini, inasema Rais akifariki Makamu ataapishwa na atakuwa Rais kwa muda wote uliobaki. Kwa miaka zaidi ya ishirini watu waliipita ibara hiyo kama wanavyopita maandishi madogo nyuma ya tiketi ya basi. Hapa ndipo kilipo kinaya cha mabadiliko ya 1994: yalimvua Makamu kofia yenye nguvu za kila siku, yakamwachia urithi mzima wa Ikulu. Jumbe, pamoja na vyeo vyake vyote, hakuwahi kushika dhamana kubwa namna hiyo.

Usiku wa 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan alitokea TBC akiwa ziarani Tanga, akatangaza kwamba Rais John Magufuli amefariki katika hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika umakamu, mzaliwa wa Makunduchi, na ofisi aliifahamu kwa undani: kati ya 2010 na 2015 alikuwa Waziri wa Nchi humo humo, akishughulikia Muungano. Tarehe 19 Machi Jaji Mkuu Ibrahim Juma alimwapisha Ikulu. Kati ya usiku ule na asubuhi ile ya kiapo wanasheria walijadiliana mitandaoni nchi iko mikononi mwa nani, kwa kuwa Katiba inasema Makamu ataapishwa, haisemi baada ya saa ngapi.

Tarehe 30 Machi jina la Dk. Philip Mpango, Waziri wa Fedha, lilifikishwa bungeni Dodoma, likasomwa na Spika Job Ndugai, na kura zote zilizopigwa zikawa za ndiyo. Kesho yake akaapishwa. Kwa kuwa Makamu hawezi kuwa Mbunge, jimbo lake la Buhigwe, Kigoma, lilikuwa wazi, na uchaguzi mdogo ukafanyika Mei. Wengi walimtazama kama mchumi aliyepandishwa cheo. Kihistoria alikuwa kitu kipya: mtu wa Bara wa kwanza kuwa Makamu wa Jamhuri ya Muungano bila kuongoza Serikali bungeni. Kawawa, Warioba, Malecela na Msuya wote walikuwa na Bunge na wizara mkononi. Mpango aliingia na kofia moja, ile ile iliyoshonwa kumtosha Mzanzibari.

Ibara ya 40(4) nayo ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya siku kama hizo. Makamu akirithi urais kwa kipindi kisichofika miaka mitatu, anaruhusiwa kugombea mara mbili. Kikiwa miaka mitatu au zaidi, anagombea mara moja tu. Samia alirithi zaidi ya miaka minne na nusu. Januari 2025 mkutano mkuu wa CCM ulimpitisha kwa mara hiyo moja, na wajumbe wakaelezwa kwamba Mpango ameomba kupumzika. Jina la Dk. Emmanuel Nchimbi, Katibu Mkuu wa chama, likatajwa kuwa mgombea mwenza. Uchaguzi wa 29 Oktoba uligubikwa na maandamano na vifo, na intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima. Siku chache baadaye, Novemba, Nchimbi aliapishwa Dodoma.